Kosa la Kuvunja Ungo

Niliporudi kutoka Aden nilikuwa na furaha ya kuchosha watu. Tangu bandarini mpaka kwetu Kuze nilimsalimu kila aliyekaa barazani, nikauliza habari za watoto ambao kumbe walikwisha kuota ndevu, nikacheka peke yangu vichochoroni. Mwenye duka la viungo aliniangalia, akaniuliza nimerudi au nimerudishwa. Nikamwambia nimerudi kwa miguu yangu na anipishe nipite.

Kule Aden nilikuwa nikifundisha shule ya wasichana, nikikaa kwa mjomba wangu aliyekuwa karani. Lakini sasa kwetu kulikuwa na uhuru, bendera yenyewe bado mpya, na shule moja ya wasichana hapa hapa kisiwani ilikuwa inatafuta mwalimu wa darasa la nne. Mkuu wa shule alinihoji, kisha akanipeleka kukiona chumba. Madirisha makubwa, ubao ambao haujaandikwa kitu, madawati yananuka rangi. Niliupapasa ule ubao kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Akaniambia chumba ni changu, ila kwanza nilete cheti cha polisi.

Ndiyo ilikuwa sheria. Mwalimu yeyote aliyefanya kazi ng'ambo, akirudi, lazima achunguzwe kama ana makosa, huko alikotoka na hapa alikozaliwa. Sikuona ubaya. Aden siku zile ilikuwa inalipuka mabomu, na serikali changa ilikuwa na haki ya kutaka kujua nani anaingia kufundisha watoto wake. Mkuu wa shule alinieleza wazi kabisa: cheti kisipopatikana kabla ya shule kufunguliwa, chumba kitapewa mwalimu mwingine aliyekwisha kuomba, na mimi itabidi nirudi kwa mjomba, ambako nafasi yangu ilikuwa bado haijajazwa. Nami sikutaka kurudi. Nilikitaka kile chumba kwa roho yangu yote, nasema bila haya.

Karatasi ya polisi wa Aden nilikuja nayo, safi, ina mihuri mpaka ya ziada. Nikaenda kituoni kuchukuliwa alama za vidole. Askari alinishika kidole kimoja kimoja akakibingirisha juu ya wino, na mimi nikawa nacheka kwa mtekenyo mpaka akanikemea nitulie. Nilirudi nyumbani na vidole vyeusi. Nyanya yangu, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alinikamata mkono mlangoni.

"Piko gani hii mbaya hivi? Yuwapi bwana harusi?"

"Si piko, nyanya. Ni serikali."

"Basi serikali haijui kupaka," akasema, akaniletea ndimu nijisugue.

Ikabaki sehemu ya mwisho, ya askari kuja mtaani kuuliza watu wanavyonijua. Habari zilikwisha kuenea kwamba atakuja askari kanzu, na watoto wa kichochoro chetu wakamngojea kwa hamu. Alipotokea amevaa shati na suruali walivunjika moyo, maana walitaka kuiona hiyo kanzu. Mimi sikuwapo. Nilikuwa kwa fundi cherehani napimwa magauni ya ualimu, marefu, ya heshima, yenye mifuko ya chaki. Nilikuwa nimekwisha kujiona darasani.

Nikarudi nikamkuta nyanya amejaa fahari. Alikuwa amemkaribisha yule askari kijana kwenye daka la mlangoni, yeye mwenyewe akakaa nyuma ya pazia kama ilivyokuwa ada yake, akaamuru apewe kahawa na mahamri.

"Nimekusifu hata mate yamenikauka," akaniambia. "Nimemwambia wewe si mtoto wa ndiani, ni mtoto ulolelewa. Kila alouliza nimemjibu."

"Aliuliza nini?"

"Mambo mema tu. Na kijana mwenyewe yuna adabu. Yuwaandika kila neno, mpaka nikauonea huruma mkono wake."

Nilimkumbatia nikamzungusha ukumbini mpaka akapiga kelele kwamba namvunja mifupa. Cheti nilikiona kimefika.

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa niliitwa ofisi ya elimu. Nikavaa gauni moja katika yale mapya, nikajitia manukato, nikaenda karibu natimka mbio. Afisa alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye miwani. Hakunikaribisha kiti.

"Mwalimu," alisema, "kwa nini hukutuambia kwamba uliwahi kufungwa?"

Niligeuka kuangalia kama nyuma yangu yuko mtu mwingine.

"Hapa pameandikwa," akaendelea, kidole juu ya karatasi. "Shahidi ni nyanya yako mzazi. Aliulizwa kama uliwahi kutiwa ndani. Akajibu: ndiyo, miaka mitatu, na alikaa vizuri, hakuleta matata." Akainua macho. "Kosa lenyewe: kuvunja ungo."

Niliisogelea meza nikaitazama ile karatasi.

"Nimesoma faili nyingi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kweli kuelewa, "lakini miaka mitatu kwa ungo mmoja? Ulikuwa ungo wa nani?"

Kicheko kilinijia mpaka kooni na hapo hapo kikageuka moto. Kwetu, msichana akipata ada yake ya mwezi kwa mara ya kwanza husemwa amevunja ungo. Na akishavunja ungo, nyumba za watu wa heshima humtia ndani: hatoki, hachungulii dirishani, haonekani na mwanamume asiye ndugu yake, mpaka aolewe. Mimi nilitiwa ndani nikakaa miaka mitatu, nikijifunza kufuma kofia na kuchukia kufuma kofia, mpaka mjomba alipokuja kunigombea akanitoa, akanipeleka Unguja kusomea ualimu. Yule kijana askari, mtu wa mbali, ndani kwake palikuwa jela tu. Na nyanya, ambaye jela haikuwahi kumpitia akilini, ndani kwake palikuwa malezi bora. Aliulizwa swali la sifa, akalijibu kwa fahari.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kama kunywa maji. Ningesema maneno mawili tu, yangekwisha. Lakini nani angeyasema? Mimi, mbele ya mwanamume yule mwenye miwani, nimwambie nilivunja ungo maana yake nini? Nilikwisha kusimama mbele ya wakaguzi wa Kiingereza bila kutetemeka, na siku ile neno moja lilinitia haya.

"Ni maneno ya kwetu," nikasema. "Hayana maana hiyo."

"Yana maana gani?"

"Ni mambo ya wanawake."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema yeye hawezi kufuta neno la shahidi. Aliyelisema aende kituoni akalirekebishe mwenyewe, na shule inafunguliwa Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi.

Nilirudi nyumbani natokwa na machozi ya hasira. Nilimweleza nyanya kila kitu, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisimama, akashika kiuno.

"Mimi nimemfunga jela mjukuu wangu? Kwa ungo?"

"Nyanya, wanataka uende kituoni useme."

"Nipa buibui langu."

"Sasa hivi?"

"Kwani afisi yao hufunguliwa usiku?"

Yafaa nieleze uzito wa jambo hilo. Nyanya hakuwa akitoka mchana. Alitoka baada ya isha, kwenda harusini au matangani, katikati ya wanawake wenzake, akarudi. Sokoni walitumwa watu. Hospitali ilimjia yeye. Sasa alikuwa anashuka kizingiti adhuhuri, jua la utosini, amenishika mkono, na wazee waliokaa barazani wakainuka mmoja mmoja bila kujua wanainukia nini. Mwenye duka la viungo alisahau kumpa mteja wake chenji. Nilikuwa na hofu ya kukosa kazi, na bado moyo ulikuwa unanirukaruka, maana kila tukipita jengo nyanya ananiuliza hili la nani, na lile la nani, na hawa wote wanakwenda wapi.

Kituoni nyanya alipiga hodi, yule kijana akamtambua kwa sauti, akasimama upesi akampa kiti. Nyanya hakukalia. Kwanza alimsalimu salamu zote, za yeye, za wazazi wake, za huko kwao, kama ilivyo desturi, kijana akiitikia huku amechanganyikiwa. Kisha akaanza.

"Mwanangu, nalikupa kahawa au sikukupa?"

"Ulinipa, mama."

"Na mahamri?"

"Ulinipa."

"Mbona basi wamtia jela mjukuu wangu?"

"Mama, niliandika ulivyosema. Nilikuuliza amewahi kutiwa ndani, ukasema ndiyo. Nikauliza kwa sababu gani, ukasema alivunja ungo."

"Hakukosa kitu! Nalikwambia amevunja ungo!"

"Ndiyo hiyo niliyoandika, mama. Ungo wa nani?"

"Wake!" nyanya akapiga kelele, kituo kizima kikageuka. "Ungo wake mwenyewe! Kwani mwari huvunja ungo wa mtu?"

Niliuvuta ushungi nikajifunika uso. Meza ya pili alikuwako sajini mtu mzima, mwenyeji wa upande wa Kwale, aliyekuwa akiandika bila kutuangalia. Kalamu ilimwanguka. Alicheka mpaka akalaza kichwa mezani, akajifuta machozi, akamwita kijana pembeni akamnong'oneza. Nilimwona kijana anavyosikiliza, kisha anavyoacha kusikiliza, kisha anavyotafuta mahali pa kuficha macho yake. Alirudi bila kuniangalia, akachukua karatasi mpya, akaandika kwamba mwalimu hakuwahi kushtakiwa wala kufungwa. Sajini akagonga muhuri kwa nguvu, akasema cheti nije nichukue kesho asubuhi.

Nilitaka kuruka. Nadhani niliruka, maana sajini aliniambia nisivunje na kiti. Chumba kilikuwa changu, ubao, madirisha, madawati yenye harufu ya rangi, vyote vyangu. Nilikuwa tayari kumbusu kila mtu mle kituoni, pamoja na mlevi aliyelala kwenye benchi.

Kijana alitusindikiza mpaka mlangoni. Nafikiri alitaka kumwomba nyanya radhi na hakupata njia nyingine, basi akauliza kwa adabu, sasa akilijua neno alilolishika.

"Na wewe, mama, ulitiwa ndani miaka mingapi?"

Nikamwona nyanya midomo inacheza kama anayehesabu.

"Mimi?" alisema. "Mimi sikutolewa, mwanangu. Wewe alikuja mjomba wako," akanigeukia mimi. "Mimi hakuja mtu."

Alisema bila uchungu, kama anayetaja bei ya samaki. Furaha yangu haikwenda popote, lakini ilipata maumivu ndani yake, na sikujua niishike vipi. Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu maisha yangu yote, nimelalamika mbele yake miaka mitatu mizima kwamba nimefungiwa, na yeye ananisikiliza.

Tukatoka juani. Nikashika njia ya kurudi Kuze, nikamwambia twende akapumzike, jua kali. Nyanya akauchomoa mkono wake kwenye mkono wangu. Akauliza Feri iko upande gani, ile wanayosema inabeba watu na magari pamoja. Nikamwonyesha. Akasema basi twende tukaione, na kabla sijajibu alikuwa amekwisha kuvuka barabara.