Bi Hazel Anataka Kwenda Hasby

Barua ya Mzee Leggett ilifika mwezi wa Februari, na aliyeifungua hakuwa Bi Hazel bali mumewe, Clifford, kwa sababu Clifford hufungua kila kinachodondoka mlangoni kwao. Aliisoma ukurasa mmoja akiwa amesimama, akaitupa juu ya friji.

"Kuna mzee huko Hasby anasema nyumba yenu ya zamani inakaribia kuingia baharini," alisema. "Sasa sisi tufanye nini? Tukaishike?"

Akatoka kwenda kuwalisha njiwa wake. Bi Hazel akaichukua barua, akaisoma, akaigeuza nyuma. Maneno yenyewe yalikuwa huko nyuma.

Bi Hazel Thirtle ni jirani yangu hapa Dereham, mlango wa tatu kutoka kwangu, miaka kumi na minane sasa. Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, na hadi leo akipita sokoni wanaume wazima wenye ndevu humwita "Mama Kastadi" na kumuuliza kama bado anakumbuka nani alikuwa akirudia sahani mara tatu. Anakumbuka. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa akiwa amekunja mikono kifuani.

Alizaliwa Hasby, kijiji kilichoko kwenye ukingo mrefu juu ya ufuko, upande ule wa Norfolk ambako ardhi ni udongo na mchanga mtupu na bahari huimega kila mwaka. Alipokuwa mtoto nyumba yao ilikuwa ya nne kutoka ukingoni. Sasa ilikuwa ya kwanza. Mzee Leggett, aliyeinunua zamani, aliandika kwamba halmashauri imempa muda hadi mwisho wa kiangazi ahame, kisha wataibomoa kabla haijaanguka yenyewe. Hayo ndiyo aliyoyasoma Clifford.

Nyuma ya karatasi aliandika hivi: alipokuwa akisogeza kabati la chumba cha nyuma, karatasi ya ukutani ilibanduka, na chini yake, kwenye lipu, kulikuwa na mistari ya penseli ya kupima urefu wa watoto. Mistari mingine ilikuwa ya Hazel. Mingine ya Royston. "Ya Royston inaishia miaka minane," aliandika. "Nimeona si vizuri iende na bahari kabla hujaiona."

Royston alikuwa mdogo wake. Alikufa kwa homa ya uti wa mgongo, siku tatu tu, na baada ya mazishi mama yao alikusanya kila kitu chake, picha na viatu na daftari, akavipeleka asikokujua mtu. Jina lake halikutajwa tena mezani. Bi Hazel akaingia katika ndoa na desturi hiyohiyo; Clifford alijua tu kwamba zamani kulikuwa na mtoto aliyefariki. Kwa hiyo Bi Hazel alipomwambia mumewe kwamba anataka kwenda Hasby, hakusema kwa nini. Alisema anataka kuiona nyumba.

Ni lazima niseme kidogo juu ya matembezi ya Clifford. Kila Jumapili, mvua inyeshe isinyeshe, yeye huliwasha gari saa tatu kamili, na mkewe huketi kando na mkate wa nyama na haradali, na chupa ya chai katikati ya miguu. Barabara kuu hazitaki. Ramani haitaki. Alikuwa fundi wa matrekta maisha yake yote, na ukimweka popote katika wilaya hii atakuonyesha ghala lenye trekta aliyoitengeneza. Wameoana miaka arobaini na tisa, na Bi Hazel anayajua maghala ya Norfolk kuliko makanisa yake.

Mwezi wa Aprili, Jumapili ya kwanza yenye jua, alimwambia, "Leo Hasby, Cliff. Uliniahidi."

"Hasby, Hasby! Tulia, mama. Gari linaijua njia."

Gari liliijua njia ya kwenda, kwa kupitia maghala matano, hadi shamba moja karibu na Aylsham, ambako watu walikuwa wameleta injini zao za mvuke, wanazipangusa na kuzipigisha honi. Clifford akaingiza gari majanini.

"Dakika kumi tu."

"Clifford."

"Dakika kumi! Nyumba imesimama miaka mia, itashindwaje kusimama dakika kumi zaidi?"

Bi Hazel alikaa garini saa mbili na robo. Alikula mkate wake, kisha kwa hasira akala na wa mumewe. Clifford aliporudi alikuwa na grisi hadi kwenye kiwiko, na rafiki wa zamani nyuma yake, na hao wawili wakaongea dirishani robo saa nyingine juu ya vali. Hatimaye akaketi, akaitazama saa.

"Aa, saa nane na nusu. Hatuwahi. Njiwa wanakula saa kumi."

"Basi wafe njaa," alisema Bi Hazel.

Clifford alidhani ni mzaha, akacheka mpaka wakafika nyumbani.

Baada ya hapo ukaja msimu wa mashindano ya njiwa, gari likaenda kwa ukaguzi likakutwa na breki mbovu, na goti la Clifford likavimba. Bi Hazel aliacha kumwomba. Yeye si mtu wa kuomba mara tatu. Mwezi wa Juni chama cha wanawake kilikodi basi kwenda pwani, na katibu wao, Beryl Mace, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akamhakikishia kwamba basi litasimama Hasby nusu saa.

Basi lilisimama kwenye duka kubwa la miche, maili mbili kabla ya Hasby. Dereva alikataa katakata kuendelea.

"Mama, tazama," alimwambia Bi Hazel, akinyoosha mkono kwenye njia nyembamba iliyobanwa na ua wa miti pande zote mbili. "Basi langu lina urefu wa mita kumi na mbili. Nikiingia humo nitatoka lini? Krismasi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mnara wa kanisa la Hasby ulionekana waziwazi juu ya mashamba ya shayiri. Bi Hazel aliutazama, akauvaa mkoba begani, akaanza kutembea.

"Hazel!" Beryl alimkimbilia huku kikombe cha chai kikimwagika. "Unakwenda wapi wewe? Tunaondoka baada ya dakika arobaini!"

"Nakwenda kwetu."

"Kwenu ni Dereham!"

Bi Hazel akazidi kutembea. Njia haikuwa na sehemu ya waenda kwa miguu, na kila gari lilipopita ilimbidi ajibandike kwenye ua wa miiba. Alikwenda kama nusu maili. Alipigiwa hesabu na magoti yake mwenyewe: kwenda labda, kurudi haiwezekani, na wale watu hawatamngojea. Akageuka. Alipopanda basi mikono yake ilikuwa na michubuko, na Beryl alikuwa amemnunulia chungu cha maua ya zambarau kumpoza moyo. Bi Hazel alishukuru vizuri, na walipofika Dereham akakiacha chungu chini ya kiti kwa makusudi.

Wiki ya mwisho ya Julai alikwenda peke yake kwa mabasi ya kawaida. La kwanza hadi Norwich, la pili hadi North Walsham, na la tatu, dogo, lingemfikisha Hasby saa sita na dakika kumi. Alikuwa ameyanakili yote kwenye karatasi kwa mwandiko wake wa jikoni. Alikaa kituoni North Walsham saa nzima. Kisha akawauliza wasichana wawili waliokuwa wakila chipsi.

Mmoja akaenda kuitazama ratiba ukutani. "Bibi, hapa chini wameandika. Kwa herufi ndogo. Siku za shule tu."

"Leo si siku ya shule?"

"Tumefunga shule juzi, bibi."

Alirudi jioni. Nilikuwa nikitoa mapipa ya taka, nikamwona akija na barabara akiwa amevua kiatu kimoja na kukishika mkononi. Nikamuuliza kama yuko salama. Akaegemea geti langu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, maneno yakamtoka mengi: barua, lipu, penseli, Royston. Hakulia. Alikuwa amekasirika, na ile karatasi ya ratiba alikuwa ameikunjakunja ngumini.

"Nimelisha watoto mia tatu kila siku na sikuchelewa hata dakika moja," alisema. "Leo nashindwa kufika mahali ninapoweza kupaonyesha kwa kidole?"

"Bi Hazel, kwa nini hukuniambia mapema? Mimi nina gari."

"Una kazi yako, mwanangu."

"Likizo yangu ni wiki ya kwanza ya Septemba. Nitakupeleka mimi, mlangoni kabisa."

Hilo ndilo nililosema, na hadi leo linanikera. Ningeweza kuomba siku moja. Duka la dawa ninakofanya kazi lisingefungwa kwa sababu yangu. Lakini kichwani mwangu Septemba bado ilikuwa kiangazi, na mzee aliambiwa mwisho wa kiangazi.

Tulikwenda Jumanne. Ukungu wa baharini ulikuwa umelala hadi kwenye paa za nyumba, na Bi Hazel alivaa koti lake la kanisani. Tuliingia njia ile nyembamba, tukapita kanisa, tukapita baa, na barabara ikaishia kwenye uzio mpya wa chuma. Nyuma ya uzio palikuwa na udongo uliosawazishwa, alama za matairi ya tingatinga, na bomba moja la maji lililochomoza kama kidole. Baada ya hapo, hewa. Bahari ilisikika chini lakini haikuonekana.

Mwanamke aliyekuwa na mbwa akatuambia. Katikati ya Agosti palianguka kipande cha ukingo usiku mmoja, mita tano, na halmashauri haikungoja tena. Siku mbili wakamaliza.

"Na mzee?"

"Leggett? Yuko kwenye uwanja wa karavani, zile nyumba za magurudumu. Ile ya kijani."

Mzee Leggett alifungua mlango akiwa na kifaa chake cha kusikilizia mkononi, akakipachika sikioni, akamtazama Bi Hazel kwa muda.

"Wewe ndiye Hazel. Mbona umechelewa, mama?"

Nilidhani Bi Hazel atampiga. Alisema tu, "Ndiyo. Nimechelewa."

Akatukaribisha, akatupa chai. Alieleza kwamba alijaribu kukikata kile kipande cha lipu kwa msumeno amwekee, lakini lipu ilikuwa ya kale, ilimwagika mikononi kama unga. Kwa hiyo asubuhi ya mwisho, watu wakiwa wanamhimiza atoke, aliipiga picha kwa simu ya mjukuu wake. Alikuwa nayo imechapwa, ndani ya bahasha.

Bi Hazel akavaa miwani. Taa ya simu ilikuwa imemulika ukutani, na katikati ya picha palikuwa na weupe mtupu, na pembeni kidole gumba cha Mzee Leggett. Chini kulikuwa na mistari miwili mitatu. Ukikaza macho ungesoma "Roy" na tarakimu inayoweza kuwa sita au nane.

"Imetoka vizuri?" aliuliza mzee, akiwa ameinama mbele kwa wasiwasi.

"Imetoka vizuri sana," alisema Bi Hazel. "Asante, mzee wangu."

Tulirudi kwa njia ya Aylsham. Hapo akasema, "Kidole gumba," akageukia dirisha.

Yaliyofuata niliyasikia kwa sababu aliniambia niingie naye. Clifford alikuwa mezani anasafisha pete za miguu ya njiwa. Bi Hazel akaiweka ile picha mbele yake, na barua juu yake, upande wa nyuma ukitazama juu. Clifford alisoma. Alisoma tena. Uso wake ukabadilika.

"Hazel, hukuniambia ni mambo ya mdogo wako."

"Sikukwambia."

"Sasa mimi ningejuaje? Ungesema Royston, ningekupeleka siku ileile!"

"Nilisema nataka kwenda." Alikuwa amekunja mikono. "Nilisema Februari, nikasema Machi, nikasema Aprili ndani ya gari. Ulitaka sababu? Mimi nimekaa kwenye maghala miaka arobaini na tisa, siku gani nilikuuliza sababu?"

Clifford akazisukuma kando pete za njiwa. Nikaaga.

Jumapili iliyofuata gari liliwashwa saa tatu kamili. Bi Hazel alinisimulia mwenyewe baadaye, ng'ambo ya ua wake, akiwa na mkasi wa kupogolea mkononi. Clifford alichukua barabara kuu, bila kusimama popote, bila kuangalia ghala hata moja. Walifika kwenye ule uzio, akazima injini, na jua lilikuwa limetoka, bahari yote inaonekana. Bi Hazel akamwonyesha mahali palipokuwa mlango, akamwambia Royston alikuwa na meno makubwa ya mbele na aliogopa kuku. Ni maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia juu yake. Clifford alimsikiliza kofia ikiwa mkononi. Kisha akaitazama saa ya gari.

"Tumetumia saa moja na dakika kumi tu," alisema, kwa mshangao wa kweli. "Kumbe ni karibu hivi."

"Nilimtazama," Bi Hazel aliniambia. "Nikautazama ule ukingo. Nikamtazama tena."

"Ukafanyaje?"

"Nikampa mkate wake," alisema, akakata tawi la waridi ambalo halikuhitaji kukatwa.