Goti la Mzee Kithinji na Jicho la Angani

Kibirichia ilikuwa na vipimo viwili vya mvua. Kimoja kilisimama uani kwa Celina Kathure, naye alikisoma kila siku saa tatu asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Cha pili kilikuwa goti la Mzee Kithinji, lililopigwa teke na ng'ombe mwaka wa 1998 na tangu hapo huuma mvua ikikaribia. Watu waliamini goti.

Celina hakuwalaumu. Utabiri wa zamani ulisema mvua itanyesha "sehemu chache", yaani popote kati ya Embu na Marsabit, jipange. Lakini sasa setilaiti mpya ilipima joto na unyevu wa hewa tabaka kwa tabaka, kama mpishi anayejua chungu kimefika wapi bila kufunua kifuniko. Ijumaa ujumbe wa utabiri uliingia kwenye simu yake ukitaja mpaka saa: kesho, saa nane mchana, mvua kubwa. Jumatatu, jua.

Tatizo, Jumamosi ndiyo siku ya dawa. Kibirichia nzima hupulizia waru, yaani viazi, Jumamosi, ili Jumapili Mungu asinuse dawa kanisani. Celina alikuwa na robo eka ya waru za mbegu na pakiti moja tu ya dawa, na ugonjwa unaochoma majani ulishafika kwa jirani. Dawa ikioshwa, mbegu ya msimu ujao imekwenda.

"Shemeji, hupulizi?" Kithinji aliuliza asubuhi, pampu mgongoni. Mlima ulio juu ya mashamba ulikuwa uchi, hauna hata wingu la kujisitiri.

"Nangoja Jumatatu. Leo kuna mvua."

"Goti limenyamaza kabisa!"

"Goti lako linaona hapa tu, mzee. Setilaiti inaona Afrika nzima."

"Na imewahi kupalilia waru?"

Wanaume waliokuwa naye walicheka hadi pampu zikamwagika.

Saa saba na nusu, jua kali. Saa nane kasorobo Celina akaichukua pakiti, akaigeuzageuza, akairudisha rafuni. Saa nane na dakika kumi mbingu zikapasuka.

Kithinji alikimbilia barazani kwa Celina, ameloa chepechepe, dawa yake ikielekea mtoni.

"Karibu, shemeji," Celina akasema. "Na goti liingie, lisinyeshewe."

Jumatatu alipuliza peke yake. Wiki tatu baadaye, shamba lake lilikuwa kijani katikati ya mashamba meusi, na msimu uliofuata Kibirichia nzima ilipanda mbegu yake. Kithinji alikuwa wa kwanza kwenye foleni, gunia mkononi.

Kanisani likatolewa tangazo, kabla ya sadaka, mahali pa heshima: kuanzia sasa, siku ya dawa ni siku atakayoitaja Celina.

Goti lilisema amina.