Wana wa Mfalme wa Kijerumani na Baba Zangu Wanane

Mwaka 2015, hapa Buffalo, Marekani, nilikuwa namhudumia kikongwe mmoja mwenye asili ya Kijerumani. Kila nikimaliza kumwogesha na kumpaka mafuta, alinituma nimletee kitabu chake kinene cha ukoo wa kifalme wa huko kwao. Wana wa mfalme wote mle waliitwa jina moja, wakatofautishwa kwa namba tu, kama vyumba vya hospitali. Nilicheka waziwazi. Kwetu Burundi hata ndugu wa tumbo moja kila mmoja hupewa jina lake.

Siku moja akaniwekea kidole kwenye jina la bibi yake. Binti huyo wa kifalme aliolewa na mwoka mikate, basi wanawe hawakuandikwa.

"Damu yao ninayo," alisema, "lakini kitabuni simo."

Nilimwonea huruma, lakini si kwa muda mrefu. Nikasimama katikati ya chumba nikamtajia baba zangu wanane, kuanzia baba aliyenizaa kurudi nyuma hadi wa nane, bila kukohoa. Baba ndiye aliyetufundisha, katika kambi ya wakimbizi Kigoma, tukipukuchua mahindi. Kikongwe akapiga makofi. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, wala sioni haya kusema hivyo.

Binti yangu wa miaka kumi na mitatu ndiye aliyenishusha. Shuleni walitakiwa kusimulia ukoo wao.

"Mimi sina, Mama. I'll just do the princes, nitasimulia wale wana wa mfalme wa bibi yako wa kazini."

Kwetu ukoo hufuata baba, na baba yake alituacha kambini mtoto hajaota jino. Hatukuambiwa hata jina la babu yake. Iliniuma sana.

Jumamosi nikamtia garini twende Louisville kwa baba yangu, amfundishe yale majina manane. Njiani, Columbus, tulipumzika kwa kaka yangu, anayesoma chuo kikuu pale, naye akanionya.

"Mzee hatakubali, dada. Yale majina ni ya watoto wa wana wa kiume. Mtoto wa binti ana kwao."

"Kwao wapi? Nioneshe njia nimpeleke sasa hivi."

Kaka akatupakulia wali.

Baba alinisikiliza hadi mwisho, uso haujabadilika. Kisha akamwita mjukuu wake, akampa sinia la maharage ya kuchambua, akaketi mbele yake.

"Fuatisha ninavyosema."

Akaanza kutaja. Mimi nilisimama mlangoni. Mtoto alikosea wa tano, akaanzishwa upya. Akamsahau wa saba, akaanzishwa upya. Maharage yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa alipowataja wote, kuanzia babu yake hadi wa nane. Nilitaka kupiga vigelegele.

"Umeruka mtu," Baba alisema.

Binti yangu akahesabu kwa vidole. "Wote wanane nimewataja, Babu."

"Wewe nimekuzaa mimi? Umemruka mama yako. Anza naye."

Katika orodha ile alikuwa hajawahi kutajwa mwanamke, tangu huyo wa nane. Binti yangu akanitazama pale mlangoni, akalitaja jina langu kwa haya kidogo. Baba akamwambia arudie, asikike hadi barabarani.