Kibao cha Yasen

"Mama mdogo, kwa nini hukusema tu kwamba kilidondoka?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, jioni ya siku ile aliyopoteza kazi, tukiwa mezani na supu ya maharage mbele yetu. Dafina alinisogezea mkate, akasema, "Kula, inapoa." Nikala. Lakini swali sikulimeza.

Dafina ni mdogo wake mama. Mama alikuwa Uhispania akifanya kazi kwenye mashamba ya matunda, kwa hiyo mimi nililelewa na Dafina, na nikitoka shule nilikuwa nakwenda moja kwa moja kituoni kwake. Alikuwa mwendesha lifti kule chini, pale wageni wanapokalia viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, wapande mlimani kuteleza kwenye theluji. Kibanda chake kilikuwa na jiko la kuni, dirisha moja kubwa, na ubao wenye misumari ishirini na minne.

Ubao ule ndio uliokuwa sheria yetu. Kila mfanyakazi alikuwa na kibao chake cha shaba chenye namba. Ukipanda mlimani unakitundika, ukishuka unakiondoa kwa mkono wako mwenyewe. Kibao kikiwa ukutani, mwenyewe yuko juu. Ubao ukiwa mtupu, wote wameshuka, lifti inazimwa na watu wanakwenda nyumbani. Kibao cha mtu hakiguswi na mwingine, hata awe mke wake, hata awe mama yake. Anayekigusa hana kazi tena. Hilo halikuandikwa popote, ila hakuna mtoto hapa kijijini Smrekovo asiyelijua.

Yasen alikuwa namba kumi na saba. Alikuja msimu ule akitokea upande wa pili wa mlima, mwokoaji, mrefu, mkimya, mwenye masikio yaliyokuwa mekundu kuanzia Novemba hadi Aprili. Kila alasiri, wageni wakishakwisha, yeye ndiye aliyepanda peke yake mara ya mwisho, kisha akateleza kwa mbao za theluji taratibu hadi chini akikagua njia nzima kama kuna mtu ameachwa. Kwa hiyo kibao chake ndicho kilichobaki ukutani mwisho wa siku. Na aliyebaki kibandani akikitazama alikuwa Dafina.

Nadhani ilianzia hapo. Hebu fikiria, kila siku unakaa nusu saa ukitazama namba ya mtu mmoja.

Siku moja ya Desemba Yasen aliingia akiwa mweupe kwa theluji, akashika kibao chake, akaruka kama aliyeumwa na nyuki.

"Hiki kibao kina homa?" aliuliza.

Dafina alikuwa ameinamia jiko. "Kimekaa karibu na jiko," alisema bila kugeuka.

"Msumari wangu uko kule mlangoni, Dafina."

"Basi labda kimetembea."

Stamena, mkata tiketi wa dirisha la jirani, mwanamke asiyeweza kuona kitu akakinyamazia, aliangua kicheko. "Kimetembea! Mimi na miaka kumi na moja hapa, changu hakijawahi kutembea hata hatua moja. Yasen, mwanangu, uliza kinatembea kwa miguu ya nani!"

Masikio ya Yasen yalizidi wekundu. Hakuuliza. Ila tangu siku ile akishuka alivua glavu kabla hajafika mlangoni.

Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nafanyia hesabu zangu pembeni ya jiko. Yasen akishapanda, Dafina alichungulia dirishani, akakishusha kibao, akakilaza juu ya jiko. Alikigeuza mara mbili tatu, kama anayechoma mkate. Kisha alikirudisha msumarini kabla mwenyewe hajatokea. Ndiyo tu. Hawakushikana mikono, hawakuandikiana barua. Na wasingeweza kufanya zaidi, maana msimamizi, mzee Manol, alikuwa na msemo wake: wapenzi wawili zamu moja, jicho moja tu ndilo lililo kazini. Wakigundulika, mmoja angehamishiwa jikoni hotelini.

Januari yote ilikuwa hivyo. Dafina alimfumia Yasen skafu ya kijani, akampa akisema ilimzidi urefu yeye. Stamena aliipima kwa macho. "Imekuzidi urefu? Hiyo inamzidi hata farasi!"

Halafu ikaja tarehe kumi na nne Februari, siku ya mtakatifu Trifon, wanaume wanapokata matawi ya mizabibu na kumwaga mvinyo juu ya vikonyo. Huku juu hatuna mzabibu hata mmoja, lakini mvinyo tunaunywa vilevile. Mzee Manol alikuwa amealikwa na wanawe bondeni, akawa na haraka tangu asubuhi. Ukungu ulishuka saa nane. Kufikia saa tisa na nusu wageni wote walikuwa wameshashuka, na kipimajoto cha dirishani kilisoma kumi na saba chini ya sifuri, na upepo juu yake.

Saa kumi kasorobo Yasen alitundika kibao, akajifunga skafu ya kijani hadi puani, akakaa kwenye kiti. Ukungu ukammeza kabla hajafika nguzo ya pili. Kutoka chini hadi juu ni dakika kumi na nne.

Dafina alikishusha kibao, akakiweka juu ya jiko.

Stamena akapiga kelele nje. Bati la dirisha lake la tiketi lilikuwa limeganda, halishuki. "Dafina! Njoo tulivute hili, mgongo wangu si wa punda, haubebi kila kitu!" Dafina alitazama jiko. Akakichukua kibao kisije kikaungua mno, akakitia mfukoni mwa koti, akatoka mbio. Nina hakika alidhani ni dakika moja.

Bati lilikataa. Walilivuta, wakaligonga kwa koleo, wakalimwagia maji moto. Wakati huo mzee Manol aliingia kibandani kwa mlango wa nyuma, koti la sikukuu mwilini. Aliutazama ubao. Misumari ishirini na minne, mitupu.

"Yasen kawahi leo," aliniambia. "Mwerevu. Kwenye ukungu huu kuna nini cha kukagua." Akashusha swichi kubwa, akafunga sanduku kwa ufunguo, akautia mfukoni.

Ningeweza kusema. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Nilikuwa na miaka tisa, nikakumbuka kwamba kibao hakiguswi, nikaona nikifungua mdomo nitamfukuzisha kazi mama mdogo. Mzee Manol alitoka. Na kibanda kikawa kimya namna ambayo sikuwahi kukisikia, kwa sababu kioo cha dirisha kilichokuwa kikitetemeka siku nzima kiliacha kutetemeka.

Dafina aliusikia ukimya huo akiwa nje. Aliingia na koleo mkononi.

"Nani kazima?"

"Mzee Manol."

"Saa ngapi?"

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili. "Sasa hivi. Dakika tatu hivi zilizopita."

Nilimwona akipiga hesabu kwa midomo. Kumi kasorobo mpaka kumi kasoro dakika tano: dakika kumi kati ya kumi na nne. Yasen alikuwa juu ya Korongo la Mbwamwitu, pale nguzo zinapoachana mbali na viti vinaning'inia juu kuliko mnara wa kanisa. Kule simu haishiki. Redio yake ilikuwa na betri iliyokuwa ikifa kwa baridi wiki nzima, Dafina aliita mara tatu, ikakoroma tu. Mwaka mmoja kabla, mlima wa jirani, mtu alikaa kwenye kiti dakika arobaini siku yenye baridi pungufu ya hiyo, akapoteza vidole vitatu. Na siku hiyo hapakuwa na upepo.

Akatoka. Sikuwahi kumwona mtu akikimbia hivyo kwa viatu vizito. Gari la mzee Manol lilikuwa limeshawashwa, taa zimegeukia barabara. Dafina alijitupa mbele yake, mikono yote miwili juu ya boneti.

Mzee Manol alishusha kioo. "Una wazimu, wewe msichana?"

"Rudi uwashe. Yasen yuko kwenye kiti."

"Yasen kashuka. Ubao mtupu, nimeuona kwa macho yangu."

"Kibao chake ninacho mimi."

Alikitoa mfukoni, akamwekea mkononi. Mzee Manol alikitazama, kisha akakifumbata kwa kiganja kizima. Uso wake ulibadilika.

"Mbona cha moto?"

"Nilikuwa nakipasha."

"Unakipasha? Kibao? Kwa ajili ya nini?" Mzee akaangalia kibao, akamwangalia Dafina, akaangalia tena kibao. "Aa," alisema. "Aa, mwanangu. Umefanya nini."

Lakini alikuwa ameshafungua mlango, na mzee yule mwenye goti bovu alikimbia.

Mota ilikataa mara ya kwanza. Ikagutuka, taa nyekundu ikawaka, ikazima. Mzee Manol alitukana mashine, akamtukana mtakatifu Trifon, akajaribu tena. Mara ya tatu kioo cha dirisha kilianza kutetemeka, na Stamena, ambaye sikujua kama ameingia, alijifanyia ishara ya msalaba.

Halafu kilichobaki kilikuwa kusubiri. Kama Yasen yuko salama, dakika nne zingemfikisha juu, na robo saa ya kuteleza ingemleta kwetu. Hakuna aliyekaa chini. Viti vilitoka ukunguni kimojakimoja, kila kimoja na mto wake wa theluji, vikageuka, vikaondoka. Dafina alisimama pale vinapogeukia, bila kofia.

"Vaa kofia," alisema Stamena.

Hakuvaa.

Kikatokea kiti kimoja ambacho theluji yake ilikuwa nyembamba. Kilikuwa kitupu. Kwenye chuma cha pembeni ilikuwa imefungwa skafu ya kijani, mafundo mawili, ncha zake zimekauka kwa barafu zikasimama kama mbao.

Stamena alifunika mdomo. Mzee Manol alivua kofia yake, kisha, kama aliyekumbuka kwamba ni mapema mno, akaivaa tena haraka.

"Kajifunga asipeperushwe," alisema. "Mwenye akili angejifunga."

"Na sasa yuko wapi?" Dafina aliuliza. Aliifungua skafu huku kiti kikitembea, akatembea nacho hatua kadhaa, na kucha moja ikakatika. Aliishika kifuani.

Saa niliitazama mimi. Kumi na dakika ishirini na tano. Kumi na nusu. Mzee Manol alianza kufunga mbao zake za kutelezea miguuni apande kumtafuta, mtu wa miaka sitini na tatu aliyevaa suti.

Ndipo tuliposikia. Mkwaruzo. Mbao mbili juu ya barafu, polepole mno, zinasimama, zinaanza tena. Yasen alitoka ukunguni amejikunja kama mzee, mikono imekumbatiwa kwapani. Alishindwa kufungua mafundo kwa vidole vile, alitusimulia baadaye, akajichomoa kutoka ndani ya skafu kama mtu anayevua fulana.

Alipita mbele yetu sote. Hakumtazama Dafina, hakumtazama mtu. Alikwenda kibandani, hadi ubaoni, kama sheria isemavyo, akausimamia msumari wake.

"Kibao changu kiko wapi?"

"Muulize aliyenacho," alisema mzee Manol, na alikuwa ameshamrudishia Dafina kibao.

Dafina alikiweka kwenye kiganja cha Yasen. Vidole havikukunjika. Akavikunja yeye, kimoja baada ya kingine, akavifunika kwa mikono yake miwili mbele ya msimamizi na mkata tiketi, wala hakuitoa.

Yasen alitetemeka muda mrefu kabla ya kuweza kusema. "Nilidhani mmekwenda kunywa mvinyo bila mimi," alisema.

Hapo ndipo Stamena alipoanza kulia, kwa sauti, na kumtukana.

Mzee Manol hakwenda kwa wanawe siku ile. Alikaa kibandani akaandika taarifa, na majina ndani yake yalikuwa mawili: la Dafina, aliyegusa kibao, na lake mwenyewe, aliyezima bila kuita majina kwanza. Yeye alikatwa mshahara. Dafina aliambiwa asirudi kesho.

Tarehe mosi Machi Yasen alibisha mlango wetu na uzi mwekundu na mweupe wa kuaga majira ya baridi. Kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa kimefungwa bandeji, na mpaka leo baridi ikianza kinageuka cheupe kabla ya vingine. Alimfunga Dafina uzi mkononi kama kila mtu anavyomfunga kila mtu siku hiyo, ila fundo lilimchukua muda kuliko kawaida. Vuli ile walioana. Stamena alicheza hadi kisigino cha kiatu kikang'oka. Dafina sasa anaoka mikate kwenye duka la chini ya kanisa.

Mwaka huu vibao vimeondolewa. Wafanyakazi wanapitisha kadi kwenye mashine, inalia, basi. Wiki iliyopita Yasen alileta nyumbani kibao namba kumi na saba, akakigongelea msumari ukutani juu ya jiko letu. Dafina alikuwa akikanda unga. Nikaona ni sasa au basi tena, nikamuuliza upya swali langu la zamani. Kwamba angesema kilidondoka sakafuni, mzee Manol angewasha vilevile, na yeye angebaki na kazi yake.

Alifuta mikono. Alikigusa kibao kwa ncha ya kidole, kama anayepima pasi.

"Shaba ikidondoka kwenye sakafu ile inakuwa barafu kabla hujainama," alisema. "Hiki kilikuwa cha moto. Manol angekishika tu angejua naongopa, na mtu akijua unamwongopea anaanza kukuuliza maswali. Yasen hakuwa na muda wa maswali."