Namba yenye matabishi

Tulipokimbia Pweto, diplome yangu ilibaki chini ya godoro. Nani anakumbuka karatasi wakati bunduki zinalia? Nikafika Kashikishi, ng'ambo ya mupaka, mimi niliyefundisha hesabu miaka kumi na moja, nikaanza kuuza samaki zilizokaushwa. Siku zile nilikuwa na hasira na kila mutu, hata na inzi.

Kati ya batu waliozoea kununua kwangu alikuwa direkta wa shule moja ya Nchelenge, Muzambia mwenye Kiswahili cha soko. Shule yake ilikosa mwalimu wa hesabu. Nilimuomba kazi mara tatu, akanijibu mara tatu, akiniita mama kwa Kibemba: "Ba mayo, karatasi iko wapi?" Mara ya nne nikamwambia karatasi haifundishe batoto. Akacheka, akaokota kipande cha katoni kwenye meza yangu, akaandika 510511.

"Mwalimu wangu wa zamani alisema namba hii haigawanyike, ila kwa moja na kwa yenyewe. Unielezee sababu, vile mutoto wa gredi tisa atasikia. Ukiweza, Jumatatu unaingia darasani."

Bon. Nikashika samaki.

"Zidisha mbili kwa tatu, kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, kwa kumi na saba. Unapata 510510. Samaki za hesabu hiyo, ukipanga mafungu ya saba-saba, zinaisha sawasawa. Ya kumi na saba, vilevile. Sasa ongeza moja. Hiyo ni matabishi."

Kwetu sokoni matabishi ni ile samaki ya juu, unayomuongezea mununuzi ili moyo wake ufurahi. Haihesabiwe kwenye fungu.

"Kwa zile namba saba, panga unavyotaka, matabishi itakubakia mukononi."

Uso wake ukafunguka. "Njo hivyo! Basi hakuna kinachoigawanya." Akaninyooshea mukono.

Kazi yangu ilikuwa katika mukono ule. Ningeitikia tu, kwaheri inzi. Lakini miaka kumi na moja niliwagombeza batoto wanaosimama kabla ya kufika, sasa nisimame mimi?

"Direkta, umeishia kumi na saba," nikasema. "Kumi na tisa umeijaribu?"

Akarudisha mukono. Hata mimi sikuwa nimeijaribu. Nilijua tu kwamba hakuipima.

Nikachukua kipande cha makala, kaa la jiko, nikagawanya palepale kwenye katoni. Mbili, inabaki kumi na tatu. Sita, inabaki kumi na sita. Nane. Sita tena, inabaki kumi na saba. Nikaona aibu inakuja. Nikashusha tarakimu ya mwisho, ile moja, matabishi yenyewe. Ikawa 171. Kumi na tisa mara tisa. Hakuna kilichobaki.

"26869," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ile ya darasani.

Akarudia hesabu kwa kalamu yake. Akarudia tena. Kisha akaweka kalamu chini. "Miaka yote hii nimewafundisha batoto uongo," akasema polepole.

Akatoa chaki nzima katika mufuko wa shati, akaiweka juu ya fungu langu la samaki.

"Matabishi, ba mayo."

Nilifunga meza saa nne asubuhi, samaki zikiwa bado tele, nikarudi nyumbani nikiimba.