Kijiko Kilichopewa Masikio

Pamba ya kijiji chetu iliingia kiwandani Bariadi ikiwa ndani ya lori lililochomelewa kwenye kijiko. Sisemi lilifungwa, lilichomelewa. Mashine hizo mbili zilikuwa zinatazamana, na kijiko ndicho kilichotembea kinyumenyume njia nzima. Mjomba wangu, aliyekuwa anakiendesha, alikuwa amegeuza shingo kwa muda mrefu kiasi kwamba aliposhuka alimsalimia mlinzi huku akitazama ukuta.

Asubuhi ya siku hiyo lori lilikuwa limezama kwenye mbuga kabla ya kufika Ngulyati. Mvua ilikuwa imechelewa kukatika, na udongo wetu mweusi ukilowa hauachii kitu. Watu walihangaikia tope. Mama yangu alihangaikia kilo. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha msingi, na pamba ile aliipima mwenyewe kwenye mizani ya kijiji, mbele ya wanachama. Mwenyekiti aliyemtangulia walimwondoa kwa maneno mawili tu: mizani inakula. Uzito wa kiwandani ukipungua, mama ataambiwa pamba imeuzwa njiani. Ukizidi, ataambiwa aliwapunja wakulima tangu mwanzo. Alihitaji ulingane, basi.

Mjomba, mdogo wake mama, ana kijiko cha kupakilia mchanga. Alikileta mbugani, akazungushia mnyororo kwenye meno ya ndoo yake, akarudi nyuma. Mnyororo ukachomoka na kuruka juu ya vichwa vyetu. Ndipo ikaamuliwa kwamba ndoo ichomelewe masikio, yaani vipande vya chuma vinene vyenye tundu, mnyororo upite humo.

Fundi alitoka mjini kwa pikipiki, amelikumbatia jenereta kama mgonjwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mwangaluka," alitusalimia kwa Kisukuma. "Masikio yakae wapi?"

Kila aliyekuwepo alikuwa na jibu. Kwetu, mtu aliyekulia nyuma ya plau la ng'ombe hawezi kunyamaza panapozungumzwa kuvuta. Mmoja alisema yakae chini, kwa sababu ng'ombe huvuta vizuri mnyororo ukilala. Mwingine alisema ng'ombe hana ndoo. Wa tatu akauliza kwa nini yawe mawili wakati pua ya ng'ombe ni moja. Mwishowe yakachomelewa mawili, chini, na watu wakasifu moto ulivyoshika.

Jambo lililobaki lilikuwa wizi. Mjomba alikuwa ameshaibiwa mnyororo mwingine.

"Usiniwekee ndoano," alimwambia fundi. "Ndoano inafunguka. Kinachofunguka kinaondoka. Nizibie kabisa."

"Upande huu tu?"

"Fundi, mwizi ana upande? Ziba pande zote."

Upande wa pili wa mnyororo ulikuwa umepitishwa kwenye chuma cha mbele cha lori. Fundi alikwenda, akainama, akaziba. Tulikuwa watu wengi pale na sote tulikuwa tunaangalia. Dereva wa lori alimshikia hata taa. Kisha fundi akapakia jenereta lake na kuondoka. Alikuwa anasubiriwa msibani Ipililo.

Lori lilitoka tope kwa mvuto mmoja. Wanawake walipiga vigelegele. Dereva alikwenda mbele kufungua mnyororo, akainama, na hakuinuka.

"Mjomba," aliita taratibu, "hapa pa kufungulia ni wapi?"

Fundi alipopigiwa simu alisema alifanya alichoambiwa. Mawingu yalikuwa yanarudi. Mama akasema waende hivyo hivyo.

Njiani askari wa barabarani alitusimamisha, akazunguka mara mbili.

"Nani anamvuta nani hapa?"

"Hakuna anayemvuta mwenzie, afande," alisema mjomba. "Tunasindikizana."

Pale kiwandani mpimaji alikuwa Mzaramo, mtani wetu, kwa hiyo hatukuweza kujua lini anakataa na lini anacheka.

"Mama, mizani hii inapima gari. Hii uliyoniletea ni ndoa."

"Basi pima mume," alijibu mama.

"Nyie Wasukuma hata lori mnalifunga kamba lisiende malishoni!"

"Na wewe Mzaramo ungelipigia ngoma litoke mbugani. Pima, mvua inakuja."

Alipima. Kijiko kilisogezwa mpaka mnyororo ukalegea, lori likapanda juu ya mizani likiwa na pamba, tope hadi madirishani, na mnyororo ukining'inia puani. Uzito ukaandikwa. Fundi wa kiwanda akaja na grenda akakata mnyororo kwenye chuma cha lori. Pamba ikashushwa. Wakati inashushwa, dereva, kwa furaha ya kuwa huru, aliomba mpira wa maji akaliosha lori lote likang'aa. Kisha likarudi kupimwa likiwa tupu, kama ilivyo kawaida, ili tofauti ya vipimo hivyo viwili iwe ndiyo pamba.

Ilizidi ya kijijini, na ilizidi sana.

Mama alielewa kabla ya sisi wote. Tope lililooshwa na mnyororo uliokatwa vilikuwa vimehesabiwa kuwa pamba.

"Lirudishieni tope," alisema.

Mpimaji alicheka, kisha akaona kwamba hakuwa anataniwa. Risiti ilikuwa imeshatoka. Mama alikwenda pale lori lilipooshwa, akasimama juu ya matope yanayotiririka kuelekea mtaroni, akamwomba mjomba ayazoe na kijiko. Mjomba alizoa alichoweza. Mpimaji alikataa kuyapima: kwenye fomu yake hakuna safu ya tope.

Kijijini habari ilitangulia: kiwanda kimekuta pamba zaidi ya ile iliyopimwa na mwenyekiti. Mama aliwaeleza wanachama habari ya tope na mnyororo, hatua kwa hatua. Walimsikiliza kwa heshima, wakamwita mayu, yaani mama, wakaomba mizani ya kijiji ikaguliwe.

Mkaguzi wa vipimo aliahidi kuja. Mizani inaning'inia ghalani, imefunikwa gunia kwa amri ya wanachama. Msimu mpya unakaribia, na mkaguzi hajafika.