Divai Ambayo Baba Hakuionja

Juzi, nikitoka misa ya asubuhi, nilipita soko la Bulengera nikakuta mama mmoja amepanga mananasi ya Beni juu ya gunia. Moja lilikuwa limeiva kupita kiasi, linatoa maji kwa chini. Wateja walilikwepa. Mimi nililinunua hilohilo, nikalinusa njia nzima mpaka nyumbani, na vijana wa pikipiki wakanicheka. Wangejua harufu ile inanirudisha wapi! Inanirudisha kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu, ambako marehemu Baba alikuwa akipiga magoti, sikio kwenye chupa, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

Baba alipigana vita vya Wazungu, mbali sana kaskazini, akarudi na vitu vitatu: cheo cha kaporali, blanketi la jeshi la rangi ya majivu, na nadhiri. Alikuwa amelala siku mbili shimoni, risasi zikipita juu yake, akamwahidi Mungu kwamba akiiona Butembo tena, pombe haitagusa ulimi wake mpaka kufa. Akaiona. Baadaye alinunua kamyo ya mizigo, akawa anapeleka viazi na vitunguu Beni na kurudi na mananasi.

Ninyi mnaoijua barabara ile wakati wa mvua hamhitaji kuelezwa. Safari moja kamyo ilizama kwenye matope ya Kalunguta siku nne, na mananasi yakaanza kuchacha chini ya turubai. Mtu mwingine angeyatupa. Baba aliinusa harufu ile, akawakumbuka wakulima wa nchi ya vita, waliokuwa wakikamua zabibu huku mizinga ikilia ng'ambo ya kilima. Alifika nyumbani akatangaza kwamba atatengeneza divai.

"Divai ya nanasi?" akauliza Mukaka. Ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake Baba. "Na weye haunywake! Nani atakuambia kama iko muzuri?"

"Pua," Baba akajibu. "Na sikio."

Mara ya kwanza sikio lilimdanganya. Butembo kuna baridi, na divai kwenye baridi husinzia. Baba aliposikia kimya ndani ya chupa alidhani kazi imekwisha, akazifunga kwa vizibo na waya, akazipanga chini ya kitanda cha Mukaka. Jua likawaka siku tatu mfululizo. Jumapili mchana, tukiwa tunakula, divai ikaamka. Ililipuka chupa moja, ikafuata ya pili, kisha zote kwa pamoja.

"Chini! Bote chini!" Baba akapiga kelele, na kabla hatujaelewa kitu alikuwa amelala kifudifudi kati ya sahani za bugali, mkono mmoja umefunika kichwa cha Mama. Sisi watoto tukalala pia. Mukaka peke yake alibaki ameketi, tonge la bugali lililochovywa kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, mkononi.

"Kaporali," alisema, "vita yako imekufwata mpaka chini ya kitanda yangu."

Mtaa mzima ulisikia. Tangu siku ile wakasema Kaporali anapika mabomu.

Alianza upya. Safari hii alilikata blanketi lake la jeshi, akaivika kila chupa kipande chake kama mtoto mchanga, na vizibo hakuvikaza. Akangoja miezi. Kila asubuhi baada ya rozari alipiga magoti, akasikiliza, akanusa. Hakuna aliyekubali kuionja, hata Mama.

Ndipo familia moja ya Mavivi ikamposa dada yangu mkubwa, Masika. Baba akaamua kwamba siku ya kupokea wakwe hakutakuwa na kasikisi, ile pombe ya ndizi tuliyozoea kuagiza kwa jirani. Wakwe watakunywa divai yake. Mama alilia. Masika alisali novena.

Wakwe walifika na mbuzi wao, wakala vizuri, divai ikamiminwa, ya manjano na safi kama asali. Hakuna aliyeigusa. Kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza mbele ya wageni, waone kwamba hakuna ubaya ndani. Siku zote jirani ndiye aliyeonja kasikisi yake. Baba alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hilo.

"Mukwe, tunakungoja," akasema baba mkubwa wa bwana harusi.

Baba alisimama na glasi mkononi. "Miye niliapa mbele ya Mungu. Sinywake."

"Donc mwenye kupika anaogopa yake mwenyewe?" mzee akauliza. Mtu mmoja nyuma akacheka: "Labda iko na grenade ndani!" Yule mzee hakucheka. Aliiweka glasi yake chini, akachukua kofia yake, akaivaa. Nilimtazama Masika. Machozi yalikuwa yamefika kwenye kidevu.

Mukaka akainuka, akiegemea bega langu. Akaichukua glasi mkononi mwa Baba.

"Divai ni yake," alisema. "Yeye ni wangu, miye nilimuzaa. Donc divai ni yangu."

Akanywa yote. Akafumba macho. Kisha akamnyooshea Baba glasi tupu.

"Kaporali, usisimame kama muti. Ongeza."

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani! Yule mzee alikunywa, akaivua kofia aliyokwisha kuivaa, akaomba nyingine. Waliondoka wakiimba, Masika akaolewa, na mwaka uliofuata hapakuwa na harusi kubwa kati ya Butembo na Beni isiyokuwa na divai ya Kaporali. Kwa altare hakuitoa kamwe, maana alijua Kanisa linataka zabibu. Kwa furaha ya watu aliitoa miaka yote mpaka alipofariki, na Mungu anajua ulimi wake haukuigusa.

Lakini jioni ile ya wakwe nilimkuta peke yake mezani. Aliinua glasi ya Mukaka, akaiweka chini ya pua, akafumba macho kwa muda mrefu. Nikaogopa kwamba anataka kulamba tone lililobaki, nadhiri yake ivunjike. Nikamwita kwa nguvu: "Tata!"

Alifungua macho, akatabasamu. "Ngoja kidogo," akasema, "sijamaliza."

Nanasi langu bado liko mezani. Nimefika umri wake, na sasa najua alikuwa hajamaliza nini. Alikuwa anashukuru.